Mikono miwili, umbo moja: kwa nini unapotea kwenye kengele 3 na 4

"Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Uingereza mwaka wa nne sasa. Tangu Machi nimo katika kikundi cha watu watatu tunaopiga kengele za mkononi sebuleni kwa mwenzetu. Mimi nashika 3 na 4. Hanti ya kengele sita (kila kengele inasogea hatua kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma na kurudi) naiweza bila karatasi, lakini tukianza Plain Bob Minor, mtindo unaoanzia kwenye hanti hiyo, trebo (kengele ya 1, nyembamba kuliko zote) ikirudi mbele, yaani kulia ya kwanza, mara ya kwanza tu, mikono yote miwili inanipotea na kuanzia hapo naotea. Nimekariri tarakimu za safu zote 60, nikishika kengele zinafutika. Wenzangu walianzia kengele za mnarani, mimi sikuwahi kuzigusa, na noti za muziki sizijui. Tarehe 20 Desemba tumealikwa kupiga ukumbini mbele ya watu. Je, kichwa changu ndicho kizito? Nijitoe mapema nisiwaaibishe? Halafu kiganja cha kushoto kinaniuma tukipitisha saa moja."

Marahaba. Kichwa chako hakina uzito wowote. Mtu anayepiga 3 na 4 kwenye hanti bila karatasi ameshavuka sehemu inayowakatisha wengi tamaa. Kilichokukwamisha umekitaja mwenyewe: umekariri tarakimu. Hakuna anayepiga kengele hizi kwa tarakimu. Mwaka 2007, huko Uingereza, watu watatu walikaa wakapiga mabadiliko 72,000, yaani safu 72,000, kwa kengele sita za mkononi, zaidi ya saa 24 mfululizo, bila karatasi mbele yao. Kumbukumbu ya tarakimu isingewafikisha huko. Walikuwa wameshika kitu kingine, na nadhani nikikueleza vizuri utakishika hata wewe kabla ya Desemba.

Kwanza niondoe hofu mbili. Noti za muziki huzihitaji. Kazi yetu haina wimbo, ni mpangilio: kengele sita zinalia kila moja mara moja, hiyo ni safu, kisha zinalia tena kwa mpangilio mwingine, na tukiwa sahihi safu haijirudii mpaka tufike mwisho. Kengele sita zinaweza kupangwa kwa namna 720, basi. Na kutopitia mnarani si hasara kubwa unavyodhani. Wenzako walizoea kushika kamba moja na kufuata njia ya kengele moja. Walipokaa sebuleni ilibidi waivunje tabia hiyo, kwa sababu ukiziwaza kengele mbili kama kengele moja-moja, unakuwa mtu mmoja anayesikiliza simu mbili. Wewe huna cha kuvunja.

Kitu kimoja cha mnarani inafaa ukijue, kwa sababu ndicho kilichoweka sheria tunayoifuata. Kengele ya mnarani huko imefungwa kwenye gurudumu na inazunguka duara zima kwa kila mlio. Ni chuma kizito kinachobembea; mpigaji anaweza kukichelewesha kidogo au kukiwahisha kidogo, hawezi kukirusha. Kwa hiyo kutoka safu moja kwenda nyingine kengele inasogea nafasi moja tu, au inabaki ilipo. Sheria hiyo ya karne ya 17 ndiyo tuliyoirithi kwenye kengele za mkononi, ingawa mkono ungeweza kuruka popote. Na ndiyo rehema yako: kengele yako haiwezi kuwa mbali na ilipokuwa sekunde moja iliyopita.

Kama umewahi kumwona mtu akisuka ukili, umeshaiona hanti. Jani la ukindu linakwenda mshazari, likipishana na wenzake moja moja, mpaka ukingoni. Hapo linakunjwa na kurudi upande wa pili. Msukaji hahesabu majani. Anatazama yale mawili yaliyo mikononi na nafasi iliyo kati yao. Nataka nawe uanze kusuka hivyo.

Chukua karatasi ya mirabaraba. Usiandike safu nzima za 123456. Andika nafasi za mikono yako tu, wa kulia kwanza (kengele 3), wa kushoto baadaye (kengele 4). Kwenye hanti utapata hivi: 3-4, 4-3, 5-2, 6-1, 6-1, 5-2, 4-3, 3-4, 2-5, 1-6, 1-6, 2-5, kisha tena 3-4. Jumlisha kila jozi. Zote ni 7. Hili ndilo umbo unalolijua tayari, hata kama hukuwahi kuliita hivyo: mikono inakutana katikati, inapishana, inaachana mpaka mmoja uko mbele kabisa na mwingine nyuma kabisa, inasubiri huko mapigo mawili, inarudi kukutana. Mimi naliita umbo la kupishana. Mkono mmoja ukikuambia uko nafasi ya 5, mwingine lazima uko ya 2.

Mwenzako wa 5 na 6 ana umbo jingine kabisa. Kengele zake zinafukuzana: moja inatangulia, nyingine inaifuata ikiwa imeachwa nafasi mbili, zinasogeleana tu ukingoni zinapogeuka. Usimsikilize akikueleza yeye anavyofanya. Atakuambia kweli, lakini ni kweli ya mikono yake.

Sasa tuje mahali unapopotelea. Kwenye hanti, trebo ikirudi mbele, baada ya 2-5 ungekwenda 3-4. Kwenye Plain Bob Minor, trebo inapopiga mbele pigo lake la pili, kengele iliyo nafasi ya 2 inabaki hapo hapo na nyingine nne zinadoji, yaani zinarudi hatua moja kisha zinaendelea na safari. Kwako wewe maana yake ni hii: mkono wa kulia unapiga nafasi ya 2 mara mbili na kurudi mbele, na mkono wa kushoto, uliokuwa umeshaondoka nyuma kwenda 5, unarudi 6 kabla ya kuendelea kushuka. Badala ya 3-4 unapata 2-6. Jumla ni 8.

Umeona? Umbo limevunjika. Wewe ukaendelea kutafuta 7, na kila jozi uliyoipata ikakuambia umekosea, hata pale ulipokuwa sahihi. Ndiyo maana mikono inapotea yote miwili kwa pamoja. Ungekuwa na kumbukumbu mbovu, ungepotea mkono mmoja leo, mwingine kesho. Wewe unapotea mahali palepale kila siku, na hiyo ni dalili ya mtu anayefuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni imebadilika bila yeye kuambiwa.

Kuanzia hapo, lidi ya pili nzima (lidi ni zile safu 12 tangu trebo iko mbele mpaka irudi mbele) ina umbo jipya: 2-6, 1-5, 1-4, 2-3, 3-2, 4-1, 5-1, 6-2, 6-3, 5-4, 4-5, 3-6. Usizikariri. Tazama pengo kati ya mikono: 4, 4, 3, 1, 1, 3, halafu tena 4, 4, 3, 1, 1, 3. Mikono haikutani tena katikati kabisa. Inakutana upande mmoja, nafasi ya 2 na 3, kisha upande mwingine, 4 na 5. Na haifiki kamwe kuwa mmoja wa kwanza na mwingine wa sita. Upana wake mkubwa ni nne. Ukisikia kengele zako zimelia ya kwanza na ya mwisho katika lidi hii, kuna kilichoharibika.

Habari njema ni kwamba umbo hili la pili linabaki nawe lidi tatu mfululizo: ya pili, ya tatu na ya nne. Lidi ya tano unarudi kwenye kupishana, jumla 7, kama nyumbani. Kwa hiyo kozi nzima ya safu 60 ina maumbo mawili tu kwa mikono yako, na milango mitano ya kuingilia. Milango hiyo ndiyo pekee ninayokuomba uikariri. Kila trebo inapopiga pigo la pili mbele, mikono yako iko 2-6, kisha 4-5, kisha 6-3, kisha 5-2, na mwisho 3-4 ambapo kozi inafungwa.

Tena itazame milango hiyo kwa makini, maana nusu yake ni kioo cha nusu nyingine. Mlango wa kwanza, kulia inakaa nafasi ya 2 na kushoto inadoji nyuma. Mlango wa nne, kushoto inakaa nafasi ya 2 na kulia inadoji nyuma. Wa pili na wa tatu vivyo hivyo: mara ya kwanza kulia inadoji katikati na kushoto nyuma, mara ya pili zinabadilishana kazi. Na wa tano ndio ninaoupenda kuliko yote. Hapo mikono yako inadojiana yenyewe kwa yenyewe, 3-4, 4-3, 3-4, na ghafla unasikia kengele zote sita zimejipanga sawasawa kutoka nyembamba hadi nene. Ukifika hapo mara ya kwanza bila kuotea, utaelewa kwa nini watu wazima wanatumia jioni zao kwa jambo hili.

Mazoezi ya nyumbani hayahitaji kengele. Keti, weka viganja juu ya mapaja, hesabu kwa sauti moja mpaka sita, na upige paja la kulia na la kushoto kwenye nafasi zake. Baada ya kila safu mbili acha pumzi ya pigo moja, kwa sababu ndivyo tunavyopiga: safu mbili za sita, kisha nafasi moja tupu, mapigo 13 kwa jumla. Wengi wanaojifunza peke yao huisahau pumzi hiyo, wakifika kwenye kikundi wanawahi kila wanapoongoza. Fanya lidi ya kwanza na mlango wa 2-6 tu kwa siku tatu nzima. Usiende mbele. Kosa lako liko kwenye mlango, na ukikimbilia safu ya 60 kila siku mlango unaugusa mara moja tu na kuupita.

Ukiwa na kompyuta, ziko programu zinazopiga kengele nne zilizobaki huku wewe ukibonyeza mbili zako; Abel ni mojawapo ya zamani. Zinafaa, nami nazitumia, ila zina udhaifu wa kukusubiri au kukupa namba kwenye skrini. Zima namba. Sikio lako ndilo linalopaswa kujua kwamba kulia ulikuwa wa pili.

Sasa Desemba. Nitakuambia ukweli wangu wote, kisha mtaamua watatu. Njia ya kwanza ni kubaki na 3 na 4. Ndiyo jozi ngumu kuliko zote katika Plain Bob Minor, na hilo wenzako walipaswa kukuambia Machi. Ukifanya mazoezi ya mapaja robo saa kila siku na mkakutana mara mbili kwa wiki, naamini utaweza kozi moja safi. Njia ya pili ni kubadilishana na mwenye 5 na 6. Kengele zake zinafukuzana lidi nne kati ya tano, ni ya tatu tu inayobadilika, na kwa mtu wa hali yako ni nafuu ya kweli. Hasara yake ni kwamba mwenzako naye anaanza upya, na miezi yako ya hanti kwenye 3 na 4 inakaa pembeni. Njia ya tatu ni kupiga hanti peke yake ukumbini. Watu hudhani hiyo ni kushindwa. Mimi sioni hivyo. Hanti ikipigwa kwa mwendo ulionyooka inapendeza zaidi ya Plain Bob inayochechemea, na msikilizaji wa ukumbini hana njia ya kujua ipi ni ipi. Anachosikia ni kama mapigo yako yamelingana.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi: ningebaki na 3 na 4, ningeandaa hanti mbili za mwanzo kama kufungua mlango, kisha kozi moja ya Plain Bob Minor, nikasimama. Safu 60 kwa mwendo wa kawaida hazizidi dakika mbili. Inatosha. Bobu msiziguse mpaka Januari. Zinabadilisha njia ya kengele katikati ya safari, na hakuna sababu ya kubeba mzigo huo mbele ya watu mara ya kwanza.

Lakini wekeni tarehe ya kuamua. Wiki mbili kabla, pigeni kozi mara tano mfululizo. Zikisimama sawa tatu kati ya tano, endeleeni. Zisiposimama, mnapiga hanti, na hakuna wa kulaumiwa.

Siku yenyewe mtu atapotea, huenda si wewe. Mambo mawili yanaokoa. La kwanza, usisimame ghafla na usiongeze kasi. Endelea kupiga mara moja kwa kila safu, hata kama nafasi si sahihi, kwa sababu mwendo ukivunjika wote watatu mnaanguka. La pili, sikiliza trebo. Inatoka mbele kwenda nyuma na kurudi bila kudoji hata mara moja, na ndiyo saa ya ukutani ya kozi nzima. Ikirudi mbele unajua umefika mlangoni, na milango unayo kichwani: ingia kwenye 6-3 au 5-2 kana kwamba hukupotea. Anayeongoza akisema "Stand", wote mnanyamaza mara moja, kengele juu, mnatabasamu, mnaanza tena. Zungumzeni hilo mapema, nani atasema na lini, maana nimeona vikundi vikianguka si kwa kosa la kwanza bali kwa watatu kunong'onezana wakati kengele bado zinalia.

Kuhusu kiganja cha kushoto. Kengele 4 ni nzito kidogo kuliko 3, lakini sidhani uzito ndio sababu. Watu wanaopotea hukaza vidole. Pigo la juu linahitaji kunyanyua na kukomesha kwa ufupi, pigo la chini kuteremsha na kukomesha. Kifundo kinafanya kazi ndogo, mkono wa mbele unafanya kubwa. Ukipinda kifundo kwa nguvu kila pigo, katika safu 60 umekipinda mara 60. Tazama pia ulimi wa kengele. Unacheza upande mmoja tu, mbele na nyuma, na ukiishika kengele imegeuka kidogo unalazimika kuirusha ili ilie. Geuza mpini mpaka ulimi uelekee uendako mkono. Pumzikeni kila dakika 20, kengele zikiwa zimelazwa juu ya kitambaa kinene mezani.

Hata hivyo, mimi sikioni kiganja chako. Kama maumivu yanaendelea kesho yake asubuhi, kama vidole vinakufa ganzi au vinachoma kama sindano, au kama panavimba, acha kupiga na umwone daktari wako au mtaalamu wa viungo kabla hujarudi. Msiba wa kifundo hautibiwi kwa barua. Na kama kengele yenyewe inalia mara mbili kwa pigo moja au ulimi unagwaya, ipelekeni kwa fundi wa kengele; msijaribu kukaza chemchemi zake kwa bisibisi ya jikoni.

Jambo la mwisho ambalo maandishi hayawezi kukufanyia: unahitaji mtu wa kukaa nyuma yako. Tafuteni mpigaji mzoefu wa kengele za mkononi katika chama cha wapigaji cha eneo lenu, karibu kila kaunti ya huko inacho, na mwombeni jioni moja tu. Hahitaji kupiga. Aketi nyuma ya bega lako, trebo inaposhuka akuambie kwa sauti ya chini "kulia kaa, kushoto rudi", mara kumi mfululizo, kisha mara ya kumi na moja anyamaze.